Koli la Kambale

Kwetu Wanande, jina humngojea mtoto kabla hajazaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka; msichana wa kwanza ni Masika. Ukisimama katikati ya soko la Butembo, mashariki mwa Kongo, ukaita "Kambale!", watageuka wanaume wengi, na kila mmoja wao atakuwa na haki ya kugeuka. Mume wangu ni mmoja wa hao. Kisa kilichotupata tulipofunga nyumba yetu ya Guangzhou, Uchina, kilitokana na jina hilo.

Tulikwenda mwaka 2023, baada ya Uchina kufungua tena mipaka mwezi wa Januari korona ilipopungua. Kazi ya mume wangu ilikuwa kukagua bidhaa za wafanyabiashara wa Butembo kabla hazijapakiwa: vitenge, vyuma vya pikipiki, sahani za sola. Njia hiyo si ngeni kwa watu wetu. Wazee waliopata mtaji wa kahawa na papaini walikuwa wamekwisha kufika Dubai, Hong Kong na Guangzhou zamani. Sisi tulipanga chumba karibu na Xiaobei, mahali ambapo Mwafrika hakosi mtu wa kusalimiana naye. Watoto tuliwaacha Butembo kwa mama mkwe.

Viza haibembelezwi. Siku yake ikikaribia, kazi zote za nyumba zinakujia pamoja: kuuza friji, kumaliza deni la umeme na maji, kudai garanti tuliyoiweka kwa mwenye nyumba. Mama mwenye nyumba alikuja na tochi. Alichungulia chini ya karo, akapitisha kidole ukutani juu ya jiko, pale nilipokuwa nikikaanga samaki mwaka mzima. Nilikuwa nimeusugua ukuta ule kwa siki na sabuni mpaka vidole vikaniwasha. Alirudisha garanti yote. Kisha akaonyesha beseni zangu za lenga-lenga kwenye baraza, akaomba nimwachie. Watu wa Guangzhou nao wanaila lenga-lenga, wanaipika na kitunguu saumu, na mbegu nilikuwa nimezinunua kwao. Nilimwachia zote kwa moyo mweupe.

Vilivyobaki vilikuwa vya watu, kila kimoja na mwenyewe. Mablanketi mazito ya mama mkwe, maana vilima vya Butembo viko jirani na ikweta lakini usiku wake una baridi ya kuingia mifupani. Sufuria ya umeme ya wifi yangu. Viatu vya watoto, vya kukadiria, kwa sababu mguu wa mtoto hausubiri mzazi arudi. Na saa ya ukutani, ambayo ilikuwa yangu.

Saa ile ilikuwa na siri. Guangzhou imetangulia Butembo kwa saa 6, na sisi saa zetu tunazihesabu tangu mapambazuko. Kwa hiyo mshale mfupi ulipofika kwenye mbili mchana wa Guangzhou, nyumbani ilikuwa saa mbili ya asubuhi, watoto wako darasani. Ulipofika kwenye saba jioni, kwetu ilikuwa saa saba mchana, wanakula. Mwaka mzima niliangalia ukuta wa kigeni nikajua wanangu wako wapi. Ndiyo maana niliifunga mwisho kabisa, ikiwa bado inatembea, katikati ya mablanketi.

Ndege haikubali mizigo yote hiyo. Tulifunga vyote pamoja kuwa koli moja, tukalipeleka kwenye gropaji, kontena ambalo watu wengi wanachangia na kila mmoja analipia nafasi anayoijaza. Tulibandika karatasi yenye majina yote na simu ya Butembo. Tulipokwisha ondoka, mizigo ilipangwa upya, karatasi ikachanika, na mtu wa depo akaandika kwa wino mzito neno lililokuwa bado linasomeka: KAMBALE.

Koli likapita baharini hadi Mombasa, likapanda lori kupitia Nairobi, Malaba na Kampala, likavuka mpaka kutoka Mpondwe kuingia Kasindi. Kutoka Kasindi mpaka Beni, malori yalikwenda kwa msafara yakisindikizwa na askari, kwa sababu waasi wa ADF wameua wasafiri wengi kwenye barabara hiyo.

Siku depo ya Butembo ilipotuita, nyumba nzima ilikusanyika. Mama mkwe alikuwa amekwisha kutandua kitanda. Mume wangu akakata utepe. Ndani mlikuwa na minyororo ya pikipiki, breki na diski za klachi, vyote vimepakwa mafuta. Mama mkwe aliinua mnyororo mmoja, akautazama, akaurudisha polepole. Watoto hawakulia, na hilo liliniumiza zaidi. Mume wangu alilifunga koli tena, akaliweka chumbani mbali na unyevu, akaanza kupiga simu. "Kuna mtu amekopa kwa ajili ya vyuma hivi," alisema.

Mtu huyo alikuwa Beni, kilomita 54 kutoka kwetu, Kambale muuza vipuri. Yeye alipokea koli letu jioni, akaliweka sebuleni alifungue kesho yake. Usiku mke wake akasikia kitu ndani kinagonga: ti, ti, ti.

Asiyeishi Beni asiharakishe kucheka. Mwaka 2021 bomu lililipuka kanisani mwezi wa Juni, na jingine kwenye mkahawa siku ya Noeli, watu wakiwa wanasherehekea. Yule mama aliwabeba watoto wake usingizini, akawaamsha majirani wa pande zote, mumewe akamwita nyumbakumi. Walilala nje, mbali na nyumba, mvua ikiwanyeshea. Asubuhi walikuja askari wanaojua kazi hiyo, wakalifungua koli taratibu. Wakatoa blanketi, viatu vya watoto, sufuria, na saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa kwenye mbili. Yule mama alitazama simu yake: ilikuwa kweli saa mbili ya asubuhi. Aliniambia baadaye kwamba magoti yalimwisha nguvu, akaketi chini akamshukuru Mungu.

Mumewe hakumtuma mtu. Alikuja Butembo mwenyewe na koli letu, hakuna kilichopungua, blanketi zimekunjwa vizuri kuliko nilivyozikunja mimi, na juu yake kidumu cha mawese kutoka kwa mkewe. Sisi tulimpa vyuma vyake na gunia la viazi. Mama mkwe alimshika mikono miwili, akamwita "mwanangu". Viatu viwili havikuenea, vikapewa watoto wa jirani. Fundi alikata plagi ya Kichina ya sufuria, akaweka ya miguu miwili ya mviringo, na jioni ile wifi akatupikia wali.

Watu huuliza Butembo imewezaje kufanya biashara na Asia katikati ya vita, huku barabara ikiwa vile. Nimeona jibu kwa macho yangu. Mtu anamkabidhi mwenzake pesa aende nazo mbali, mwingine anachangia kontena na watu asiowajua, na wote wanategemea kwamba mali isiyo yako utaifunga tena na kumtafuta mwenyewe. Uaminifu huo ni mtaji, na tunapaswa kuwafundisha watoto wetu kuulinda kama tunavyowafundisha kuhesabu.

Mwaka huu mtoto wa kwanza wa yule Kambale wa Beni anakwenda Guangzhou, na tumempa namba ya mama mwenye nyumba. Mzigo ujao tutachangia nafasi, familia mbili, na kila koli litaandikwa pande zote sita: jina la kuzaliwa, jina la ukoo, mtaa, na mji.