Sare ya Kuwa Wewe

Jumamosi hapa Bigwa, Morogoro, tulikuwa na kicheni pati. Mshereheshaji akashika maiki: "Bibi harusi, kuwa wewe mwenyewe, kama Bi Kidude!" Tukapiga vigelegele, sote kitenge kimoja, mshono mmoja, nyusi za fundi mmoja. Ambaye hakulipa hela ya sare alikalishwa nyuma, karibu na masufuria.

Sijui walimsema Bi Kidude yupi. Fatuma binti Baraka ninayemjua mimi alipiga ngoma ya unyago, akafunda wari, sigara yake hakuificha, na tuzo ya muziki ya WOMEX ya mwaka 2005 haikumlainishia sauti. Mpaka anafariki Aprili 2013, ilikuwa ileile ya kukwaruza. Wenzangu wamerithi sigara tu. Na hiyo wanavutia chooni.

Basi bibi mmoja wa Kiluguru, aliyeteremka mlimani na mkungu wa ndizi kichwani, akaomba aimbe wimbo wa kwao. "Subiri kidogo, bibi yangu," akajibiwa, na spika ikaongezwa sauti. Bibi hakununa. Akavuta kigoda, akafudikiza ndoo, akaanza kuipiga kwa kiganja.

Nilitikisa bega moja. Lile jingine lilikuwa upande wa kamera.