Rangi ya Leo

Jumatatu: nyekundu

Mpwa wangu anayesomea ualimu Mtwara ametuma orodha kwenye simu. Kila siku rangi moja, picha moja, bila kuruka. Atakayeshindwa atawalipia wenzake chipsi. Mimi nimeingizwa kwenye kundi bila kuulizwa, kwa sababu mjomba haulizwi. Kwetu mpwa ndiye mrithi, na mrithi akitaka picha, unachora.

Duka letu la vifaa vya ujenzi hapa Chiungutwa lina rangi mbili, nyeupe ya ukutani na ile ya fedha ya kupaka mageti. Nyekundu nimeichimba. Udongo uliotoka kwenye shimo jipya la choo ni mwekundu hasa. Nikauchuja kwa kipande cha khanga, nikaukoroga na maji nusu kikombe, nikaanza jogoo. Nilikuwa nimefika mgongoni mke wangu alipotoka. Akautazama udongo, jogoo hakumtazama. Akasema udongo umechujwa vizuri, na ukuta wa jiko umepasuka tangu masika. Nimesiliba ukuta mpaka magharibi. Jogoo hana mkia.

Jumanne: njano

Huu ni msimu wa kupuliza mikorosho. Maua yakitoka, ubwiriunga nao unatoka, na dawa yake ni salfa, unga wa njano unaokuja kwenye mifuko ya kilo 25. Tangu alfajiri mashine zinanguruma mashambani na wingu la njano linatanda mpaka kwenye nyumba. Mbuzi wa jirani ni wa njano. Nilidhani picha ya leo itajipaka yenyewe.

Salfa haikubali maji. Inaelea juu, na ukiikoroga inahamia upande wa pili wa kikombe. Nikajaribu na uji wa muhogo, ikatulia, nikachora mkorosho. Jirani akapita, akasimama, akauliza kama hiyo ni salfa ya mgawo. Nikamwambia ni mabaki ya chini ya mfuko. Akasema sawa. Kufikia jioni wameniuliza watu watatu habari za salfa ya mgawo, na mmoja wao anakaa kijiji kingine.

Jumatano: kijani

Kiangazi hiki kijani imebaki kwenye mikorosho, miembe na muhogo. Nimechagua kisamvu kwa kuwa kinu kilikuwa tayari uani. Nikatwanga, nikakamua, nikachora shamba. Saa nne asubuhi lilikuwa shamba la kijani kabisa, ila mtandao haukuwepo, basi nikaianika picha juani ikauke wakati nikisubiri. Mtandao ulirudi saa kumi. Shamba lilikuwa limegeuka rangi ya sare za mgambo. Mpwa amejibu: "Mjomba, leo ni kijani."

Mchana tulikula ugali na kisamvu kilichokamuliwa maji yake yote. Hakuna aliyesema neno, jambo ambalo si kawaida ya nyumba hii.

Alhamisi: buluu

Nimenunua buluu ya kufulia, pakiti moja. Nimechora Newala pale Shimo la Mungu, ambapo uwanda unakatika ghafla na bonde la Ruvuma liko chini kabisa, halafu Msumbiji. Kutoka juu kule vitu vyote vya mbali ni buluu, miti, mto na nchi ya watu, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuchora chochote. Nimepaka tu. Ni picha yangu bora mpaka sasa.

Maji ya brashi sikuyamwaga. Hapa maji yanafika kwa dumu, na anayemwaga maji ya dumu hatazamwi vizuri. Nikayaacha kwenye beseni. Mke wangu naye si mtu wa kumwaga maji.

Ijumaa: nyeupe

Kanzu yangu ya Ijumaa ni ya buluu. Msikitini aliyeketi kushoto kwangu ameuliza nimeinunua wapi.

Picha ya leo ni nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Nimemaliza kabla ya chai.

Jumamosi: nyeusi

Kuna mtu kwenye kundi amependekeza mafuta ya ganda la korosho. Huyo hajawahi kubangua korosho. Mafuta yale yanababua ngozi, na brashi ningeishikaje? Nimekwangua masizi ya sufuria. Mke wangu alipoona sufuria imetakata, akaniletea nyingine mbili.

Akapita mzee mmoja mchongaji, anatokea Newala. Akautazama weusi wangu kwa muda, akasema mpingo wenyewe ni mweusi moyoni tu, nje una tabaka jeupe ambalo mchongaji analiondoa au analiacha kwa makusudi. Anayetaka weusi wa haraka anachukua mti wowote, anaupaka kiwi ya viatu, na wageni wananunua. Nikamwuliza kama yeye amewahi kufanya hivyo. Akaomba maji ya kunywa.

Jumapili: zambarau

Zambarau zinaiva mvua zikianza. Nimemwomba mpwa asogeze rangi hii mpaka Desemba. Amekataa. Nimetumia juisi ya unga ya pakiti, ladha ya zabibu, na ilikolea vizuri sana. Usiku sisimizi wamekula picha yote isipokuwa sahihi. Sahihi niliiandika kwa kalamu ya wino.

Jumatatu: waridi

Mpwa ametuma ujumbe mrefu wa kunitia moyo. Ananikumbusha kwamba Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 Tunduru, mtu wa kusini kama sisi, na mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi. Kwa hiyo mjomba asilalamikie vifaa. Sikuwa nimelalamika. Nilikuwa nimetoa taarifa ya sisimizi.

Nikaenda kwa fundi baiskeli. Akacheka. Nani anapaka baiskeli siku hizi? Vijana wote wako kwenye bodaboda, nazo zinakuja na rangi zake. Alikuwa na kopo moja la rangi nyekundu, imekauka na brashi ikiwa ndani. Nilitaka kununua brashi, nimelazimika kununua na kopo.

Waridi nimeipata kwenye chupa ya rangi ya kucha ya binti yangu. Chupa nzima inatosha kishada kimoja cha maua ya mkorosho, ambayo huanza meupe na kuishia na mistari ya waridi ukiyasogelea. Wakulima hatuyasogelei, tunatazama kama yamepata ubwiriunga. Binti bado hajaitafuta chupa.

Jumanne: kijivu

Penseli. Ndiyo rangi pekee nyumbani isiyokuwa na kazi nyingine.

Mwalimu mmoja mstaafu aliyeniona nikichora amenisimulia habari za Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906 akigawa karatasi na penseli kwa wapagazi na wanakijiji. Mwaka uliotangulia Majimaji ilikuwa imefika mpaka misheni ya Masasi, na huyu anakuja na penseli. Watu wakachora, na michoro yao ikatoka kwenye kitabu chake cha 1908. Hawakupewa orodha ya rangi, wala hakuna aliyewatishia kwa chipsi.

Jumatano: kahawia

Mama mkwe alikuwa na kochoko, yale mabibo makavu ya msimu uliopita. Nililoweka kiasi kwenye bakuli tangu juzi. Leo asubuhi maji yalikuwa kahawia iliyoiva, na yalikuwa yanatoa povu kidogo pembeni. Nikaingia ndani kutafuta karatasi. Niliporudi, shemeji alikuwa ameketi kwenye kigoda na bakuli lilikuwa tupu. Amesema si mbaya, ila ingeachwa siku mbili zaidi. Nikamwambia, "Shemeji, ile ilikuwa rangi." Akasema rangi yake aliiona.

Nimepaka kwa chai ya rangi iliyobaki kwenye chupa. Mpwa ameipenda kuliko zote, na anauliza nimetumia mbinu gani.

Magharibi shemeji amepita tena kuuliza kesho ni zamu ya rangi gani. Nimemwambia ya chungwa, na kwamba nitanunua chungwa moja tu. Akasema basi atakuja keshokutwa.