Shajara ya Sahani Yangu

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Nilimpa kijana wa bodaboda gorogoro mbili za mahindi apeleke kwenye poshomili, nikamwambia yasagwe yalivyo, yasikobolewe. Alirudi na unga mweupe pe. Mwenye kinu alisikia ni mahindi ya shosho wa Membley, akaona anitendee wema, akayakoboa kwanza na hakuongeza hata shilingi. Pumba na viini vya mahindi vimebaki kwake, vitaliwa na ng'ombe.

Kwenye pumba ndiko kuliko na nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi ndizo zinazouchelewesha wanga usigeuke sukari kwa haraka. Ugali wa unga usiokobolewa nao hupandisha sukari, asidanganyike mtu, ila mwendo wake ni wa polepole kidogo. Basi jioni nilikula ugali wa kiasi cha ngumi yangu, nikajaza managu nusu ya sahani, na robo iliyobaki nikaweka omena. Baada ya saa mbili mashine yangu ya kupima sukari ya damu ilisoma 9.1. Kikomo nilichopewa kliniki ni 10. Unga wenyewe nitauchanganya na wa mtama mpaka uishe.

Jumanne, 12 Novemba

Nduma nilizochemsha jana usiku kwa ajili ya kifungua kinywa zimeenda shuleni ndani ya mkoba wa mjukuu wangu. Simgombezi. Mtoto anayeacha mkate akachagua nduma nataka aendelee hivyo hivyo.

Nilienda kwa mama mboga. "Shosho, nduma zimeisha, lakini waru ziko, tena tamu." Waru zikichemshwa hadi zikalegea hupandisha sukari haraka kuliko nduma, na asubuhi ndipo mwili wangu unapokuwa mkaidi zaidi. Nikanunua mayai na avokado. Avokado ina wanga mdogo sana. Nikala na kipande kimoja cha mkate wa ngano isiyokobolewa, na chai ya rangi.

Jumatano, 13 Novemba

Asubuhi nilimeza kidonge changu cha glibenklamaidi, nikanywa uji wa wimbi usiotiwa sukari, na mnamo saa tano nikapanda matatu kwenda kwa dada yangu Pangani, ambako tungekula saa sita na nusu. Lori lilikuwa limekwama barabarani kabla ya Githurai, na Thika Road yote ikasimama. Saa nane tulikuwa palepale. Mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka shingoni, na maandishi ya bango la mbele yangu yakaanza kuchezacheza.

Niliijua hali hiyo: sukari imeshuka. Kidonge hiki huusukuma mwili utoe insulini hata kama chakula kimechelewa, kwa hiyo anayekitumia hawezi kuruka mlo. Huwa nabeba pakiti ya glukosi. Leo pakiti ilikuwa imepasuka, unga wake ukamwagika wote kwenye kadi ya kliniki na funguo. Nilipima hivyo hivyo na vidole vikitetemeka: 3.3.

Mama aliyeketi kando yangu alinipa njugu karanga, na ninamshukuru kwa moyo wote. Lakini mafuta na protini za njugu huchelewa kuwa sukari, na aliyeshuka hana muda wa kusubiri. Anahitaji gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vitatu au vinne vya chai vikiwa vimekorogwa kwenye maji, au nusu ya soda ya mililita 300, tena soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Konda alipochungulia dirishani kulikuwa na mchuuzi wa soda. Nikanywa nusu chupa, nikakaa kimya dakika 15, nikapima tena: 4.6. Hapo ndipo nilipokula njugu za yule mama, na ndizi juu yake, ili sukari isishuke upya.

"Kwani soda ni dawa, mum?" konda aliniuliza.

Nilimwambia kwamba kwa aliyeshuka ni dawa, na kwa aliyepanda ni madhara, na akiona abiria anayetokwa jasho na kuongea kama mlevi asimshushe kabla hajamuuliza kama ana sukari. Alisikiliza vizuri. Kwa dada nilifika saa tisa na nusu, chakula kimeshapoa.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo ni Siku ya Kisukari Duniani. Imewekwa tarehe 14 Novemba kwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa Frederick Banting mwaka 1891, yule daktari wa Canada ambaye mwaka 1921, akiwa na Charles Best mjini Toronto, alianza kazi iliyotupatia insulini. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari alinyimwa chakula ili aongeze miezi michache tu ya kuishi.

Huku Ruiru kulikuwa na hema la kupimwa bure. Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo kijana aliyesema hajawahi kupimwa maishani. Mashine ilisoma 17 na ushei. Muuguzi alimweleza taratibu, akamwandikia barua ya kwenda kliniki kesho asubuhi. Kijana akainuka, akapiga hatua chache hadi meza ya pili, na pale binti wa kukaribisha akamkabidhi soda na kipande cha keki, kama alivyompa kila aliyepimwa. Soda moja kama ile ina takriban gramu 30 za sukari. Naye alikuwa na kiu. Kiu isiyokatika ni dalili ya ugonjwa wenyewe, na ndiyo inayowapeleka wengi kwenye friji ya soda kabla hawajajua wanaugua nini.

Nilimpa chupa yangu ya maji, akainywa yote. Nilimwita muuguzi, akaja, akazitoa soda mezani, na mtu akatumwa kununua maji. Walioandaa walikuwa na nia njema, hilo naliamini. Hata hivyo hasira haijaniisha ninapoandika.

Ijumaa, 15 Novemba

Vijiti vya kupimia vimeisha. Duka la kwanza la dawa lina vya mashine nyingine. Duka la pili vimekwisha muda wake. La tatu wameagiza, vitafika wiki ijayo. Kijiti cha mashine moja hakisomeki kwenye nyingine, na anayenunua mashine kwa sababu ni rahisi aulize kwanza bei ya vijiti vyake na kama vinapatikana mtaani kwake.

Chakula cha jioni: ndengu, sukuma wiki, nusu chapati.

Jumamosi, 16 Novemba

Ruracio, sherehe ya mahari, ya binti wa jirani. Vijana wa kuhudumu walipakua wenyewe, na sahani ilinifikia ikiwa na pilau, mukimo, chapati na viazi vya kukaanga, vyote vinne ni wanga, halafu vipande viwili vya mbuzi na kijiko cha kabichi. Nikaomba sahani tupu. Kijana akadhani nimekasirika, akaileta imejazwa zaidi. Shangazi wa bibi harusi akaja kuuliza kama kuna neno baina yangu na wenye nyumba, kwani asiyekula kwenye ruracio huonekana ana kinyongo.

Nilimshika mkono nikamwambia, "Dada, nina sukari, na mukimo wenu nautaka." Akacheka, akanipeleka mwenyewe kwenye sufuria. Nilichukua mukimo kiasi, kabichi nyingi, mbuzi, na njahi mpaka ukingoni, maana wanga wa njahi na maharagwe hutoka polepole na protini imo humo humo. Pilau na chapati wakala watoto. Yule shangazi akaninong'oneza kuwa naye anameza vidonge tangu mwaka jana, na hajamwambia mtu nyumbani. Tulikaa pamoja hadi jua likazama. Sikuweza kupima usiku, vijiti bado.

Jumapili, 17 Novemba

Shemeji amekuja kunijulia hali akiwa na asali na biskuti zilizoandikwa kuwa ni za wagonjwa wa kisukari. Bei ya pakiti moja ingeninunulia managu, maharagwe na mayai ya siku kadhaa. Asali ni sukari, itoke msituni au dukani. Biskuti hazikutiwa sukari, lakini unga wa ngano umo, na nyuma ya pakiti imeandikwa kuwa zaidi ya nusu ya uzito wake ni wanga. Nilimshukuru, nikamwonyesha pale pa kusoma. Serikali ya Kenya na FAO walichapisha majedwali ya viinilishe vya vyakula vyetu mwaka 2018, na humo mtu anaweza kutazama kiasi cha wanga kilichomo kwenye nduma, wimbi au njahi. Vyakula vyetu vinatutosha tukivipima.

Kisha mkaza mwanangu akaleta chai. Aliipika kama inavyopikwa kila nyumba hapa mtaani: maji, maziwa, majani na sukari, vyote kwenye sufuria moja, ikamiminwa kwenye chupa. Kila kikombe kilikuwa kimeshatiwa sukari. Nikanywa maji, na shemeji akaona haya kunywa chai peke yake. Mkaza mwana alirudi jikoni akapika nyingine, tukachelewa kanisani.

Ninyi mnaopika chai ya wageni, ya chama, ya matanga na ya kanisani, pikeni bila sukari na mweke bakuli la sukari mezani na kijiko chake, kila mtu ajitilie anachotaka. Hakuna atakayepungukiwa utamu, na mgonjwa hatalazimika kujieleza mbele ya watu ndipo apate kikombe cha chai.