Hendeli ya Kisimani

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, kisima kiko uani na Pijo, gari letu, iko kwenye kibanda cha makuti ubavuni mwa nyumba, na kwa miaka zaidi ya ishirini vitu hivi viwili viligawana chuma kimoja. Chuma chenyewe ni hendeli, ile ya kuwashia gari kwa mkono, iliyokunjwa mara mbili na ncha yake ina pini iliyopita katikati. Bomba la mtaani lilipoanza kutoa maji kwa zamu, kaka yangu alichonga gogo la kuzungushia kamba ya ndoo, akakosa cha kulizungushia. Akaiona hendeli kwenye buti la gari. Baba alikuwa hai wakati huo. Alikubali kwa sharti moja, kwamba isichomelewe wala isikatwe, ikae kwa kupachikwa tu, ili siku gari litakapoitaka ichomolewe. Tangu hapo viganja vya nyumba nzima vimeisugua hendeli ile mpaka imeng'aa kama mwiko wa zamani.

Pijo yenyewe ni 404 ya mwaka 1967. Baba aliinunua mwaka 1976 kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, wakati huo Baba ni karani wa mishahara shambani hapo, upande wa Ngomeni. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, Wafaransa wakalitengeneza kuanzia mwaka 1960, na mabawa yale mawili ya nyuma, yenye taa, ndiyo watoto wa mtaani wanayoyapenda kuliko kitu kingine. Gia zake ziko kwenye usukani. Injini yake, ya sentimita za ujazo 1618, haikusimama wima, imelala ubavu nyuzi 45 kama mtu aliyeegemea mto, na kwa sababu hiyo boneti liko chini na dereva anaiona barabara vizuri. Safari Rally ya siku zile ilikatiza Kenya, Uganda na Tanzania, na mwaka 1966 na tena 1967 aliyeshinda alikuwa Bert Shankland wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, ndani ya 404. Baba alifuatilia redioni. Alipopata fursa ya kununua gari la aina ile ile, aliuza ng'ombe wawili na kiwanja.

Baba hakuwa na tabia ya kuficha anachokijua. Kila aliyekaa nyumba ile alipewa kipande chake cha gari. Kaka alifundishwa breki na difu. Mimi nilipewa kabureta na klachi. Mama, ambaye hajawahi kushika usukani, alipewa pointi za distributa, kwa sababu Baba alisema hakuna mkono uliotulia nyumbani kama wake. Mpaka leo Mama huzisugua pointi kwa tupa ya kucha, kisha hupima mwanya kwa kipande cha kadi alichokihifadhi ndani ya Msahafu wake wa zamani. Nakumbuka miaka ya shida ya mafuta, serikali ilipopiga marufuku magari ya binafsi barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana. Saa nane ikifika Baba hufunika Pijo kwa turubai, na saa nane na robo sisi sote tuko chini ya boneti.

Naandika haya nikiwa mtu wa baiskeli. Tanga ni tambarare, na wanawake wa hapa hatukungoja mtu atupe ruhusa ya kupanda baiskeli. Ninakwenda shuleni ninakofundisha kwa Phoenix yangu yenye kikapu mbele, baba watoto anakwenda dukani kwa yake, na mzigo wa sokoni unarudi na bajaji. Pijo haijawahi kuwa gari la kila siku. Hutoka Ijumaa moja moja, hutoka kwa mgonjwa, hutoka kwa msiba, na hutoka kwa harusi. Mwaka 1994 mimi mwenyewe nilitolewa ndani yake, nimefunikwa, nikinusa ngozi ya viti vyake na petroli kidogo kwa mbali. Kwa hiyo binti yangu alipoposwa na kijana wa Muheza, Mama hakuuliza mtu. Alisema mjukuu wake atakwenda kwa mumewe na Pijo, na mazungumzo ya kukodi gari jipya lenye maua kwenye boneti yakaishia hapo.

Wiki tatu kabla ya harusi, stata ikaanza kuugua. Ukizungusha ufunguo inalia mara moja, inanyamaza. Tukaifungua, tukakuta kaboni zimelika zimebaki vijipande. Kaboni za stata ile hazipatikani Tanga, na fundi mmoja wa umeme wa magari akatuhakikishia kwamba anaweza kuchonga za gari jingine zikaingia. Alikaa nayo siku kumi na sita. Siku zote hizo, kila gari lilipohitajika kutoka kwa pirika za harusi, tulilisukuma: baba watoto mlango wa kulia, watoto wa kaka nyuma, na muuza kahawa wa pembeni, ambaye hakuwahi kuitwa wala hakuwahi kukosa, huweka birika lake chini na kuja kutia bega. Mchanga wa kichochoro chetu unameza tairi. Lakini tulikuwa tunafika barabarani, natia gia ya pili, naachia klachi, na Pijo inaitika. Stata ikarudi Jumatano. Alhamisi iliwasha gari mara tatu bila kosa. Nililala usingizi mzito usiku ule, wa kwanza katika mwezi.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Mtaa ulifungwa tangu asubuhi, turubai limetandazwa kutoka kwetu mpaka nyumba ya nne, viti vimepangwa, na mbele kabisa ya kichochoro, mahali pekee pa Pijo kutokea, wapishi walikuwa wamesimamisha mafiga ya pilau. Hilo halikututia wasiwasi. Tulikubaliana kwamba saa kumi na nusu masufuria yatakuwa yameshapakuliwa, mafiga yatasogezwa, na gari litapita polepole katikati ya wageni. Kwa desturi mama wa bibi harusi habebi mwanawe kumpeleka, hubaki nyumbani na machozi yake. Ila wanaoujua mguu wa klachi ya Pijo ni wawili, na kaka alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa jicho, limefungwa bandeji. Ikabidi niwe mimi.

Saa kumi kasoro robo nikazungusha ufunguo. Stata ikakoroma, pakasikika mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjika, na moshi mweusi mwembamba ukapanda kutoka chini ya boneti. Nilizima, nikafungua, nikagusa: stata ilikuwa ya moto kama chuma cha pasi. Kaboni zile za kuchonga zilikuwa zimeungua. Betri ilikuwa nzima na koili inapata umeme, lakini hakukuwa na cha kuizungusha injini. Kusukuma haiwezekani. Mbele kuna mafiga yenye moto na masufuria makubwa matatu, nyuma ukuta. Ndani ya nyumba somo alikuwa ameshamaliza kumpamba bibi harusi.

Baba watoto akasema tuite gari jingine. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na mimi nilikuwa nimeshatoa simu. Mama ndiye aliyetoka uani, ushungi mabegani, akauliza jambo moja tu: "Hendeli si ipo?"

Ilikuwapo, lakini iko kazini. Bomba siku ile halikutoa tone, na wanawake saba walikuwa kwenye foleni ya kisima. Mpishi mkuu alikuwa anataka maji ya sufuria ya mwisho, na wageni walikuwa bado hawajanawa mikono. Ukiichomoa hendeli, gogo halizunguki, na kisima chetu ni kirefu. Palizuka maneno. Shangazi yangu mmoja alisema wazi kwamba pilau ya watu mia mbili haiwezi kungoja chuma cha gari, na mimi mwenyewe sikuona jibu. Mama akasema tujaze. Kila chombo ndani ya nyumba, mapipa, madumu, ndoo, mabeseni ya kufulia, mpaka mtungi wa maji ya kunywa. Wanawake wale saba walijipanga wakapokezana, mmoja anazungusha, mmoja anapokea ndoo, mmoja anamimina, na kwa muda wa nusu saa sikusikia kitu isipokuwa gogo lile likilia. Ndoo ya mwisho ilipotua, Mama alifungua mwenyewe kigingi, akaichomoa hendeli ikiwa bado inachuruzika maji, akaipangusa kwa pindo la kanga.

Kijana wa kuzungusha alikuwa mtoto wa kaka, mwenye miaka kumi na tisa. Mama alimpigisha magoti mbele ya gari, akamwonyesha tundu. Nilikuwa kwenye kiti cha dereva nimevuta choki, dirisha wazi, na nilisikia kila neno. Alimwambia asikizungushe kidole gumba kwenye chuma, kilale upande mmoja na vidole vingine, maana injini ikirudisha nyuma humvunja mtu kifundo cha mkono. Alimwambia asisukume kwenda chini. Atafute mahali injini inapokaza, aisikilize, kisha avute kuja juu, mara moja, kwa mgongo wote. "Usipigane nayo," alisema. "Ukisikia imeshika pumzi, inyanyue."

Mvuto wa kwanza, kimya. Wa pili, ikakohoa. Mama akamsimamisha, akainama hadi distributa, akafungua kifuniko, akapangusa ndani kwa kitambaa kikavu, akafunga. Mvuto wa tatu Pijo ikawaka. Ilitikisika gari zima, kisha ikatulia kwenye ule mngurumo wake wa chini ninaoufahamu tangu nikiwa na meno ya utoto. Vigelegele vilianzia kisimani kwa wale wanawake saba, vikaingia ndani, vikatokea barazani. Kijana alibaki amepiga magoti, hendeli mkononi, anacheka na machozi yanamtoka.

Tulitoka kabla ya Magharibi: bibi harusi na somo wake nyuma, shangazi mbele, mimi kwenye usukani, hendeli chini ya kiti. Mpaka Mkwakwani vijana wa mtaa walitusindikiza kwa baiskeli zao, kengele zikilia pande zote mbili, nyuma yao bajaji mbili na Noah la wageni. Kutoka Tanga mpaka Muheza ni kilomita 35 hivi, na barabara inapanda taratibu kadiri unavyoiacha bahari. Tulipita Pongwe salama. Karibu na Ngomeni, katikati ya mkonge, kwenye ardhi ile ile ambayo Baba alilipia watu mishahara, Pijo ikaanza kukatakata, ikapoteza nguvu, ikazimika.

Kabla sijafungua mlango, sauti ilitoka nyuma, kutoka chini ya ushungi: "Mama, pampu imeshika mvuke. Imekaa ikinguruma muda mrefu pale nyumbani."

Alikuwa amesema kweli. Petroli ikipata joto kupita kiasi ndani ya pampu hugeuka mvuke, na pampu iliyotengenezwa kusukuma kimiminika hubaki inapampu mvuke mtupu. Dawa yake ni kuipoza. Nilifungua boneti, nikakaribisha mkono kwenye pampu, ikaniunguza. Maji yote tulikuwa tumeyaacha nyumbani kwenye mapipa, hatukubeba hata chupa. Somo akatazama mapajani mwake, akatazama uso wangu, akanipa mrashi. Ulikuwa umejaa marashi ya mawaridi ya kumnyunyizia bwana harusi mlangoni. Shangazi akapasua pindo la kanga yake aliyojifunga ndani. Nikaizungushia pampu kile kitambaa duru mbili, nikainamisha mrashi, na marashi yakaanguka tone baada ya tone, yakifoka mvuke kila yanapogusa chuma. Harufu ya mawaridi ikachanganyika na ya petroli na ya mkonge uliokatwa. Tulingoja dakika kumi na tano. Binti yangu alifunua uso kidogo, akanishika mkono wenye grisi kupitia dirishani, hakuuachia.

Kisha nikatoa hendeli. Nilikuwa nimevaa nguo ya harusi na viatu vya visigino, nikavivua. Kidole gumba nikakilaza upande mmoja na vingine. Nikatafuta pale inapokaza. Nikavuta juu, na ikawaka mara ya kwanza.

Muheza walitupokea na taa, na nilimkabidhi mwanangu injini ikiwa inanguruma, maana sikuthubutu kuizima. Baba mkwe wake alikuja hadi garini, akaweka kiganja kwenye boneti, akanusa, akauliza kwa nini Pijo inanukia mawaridi. Nilimwambia atamwuliza mkwewe.

Asubuhi ya pili niliamka na kumkuta Mama kisimani anavuta kamba kwa mikono mitupu. Hendeli ilikuwa ndani ya buti, imefungwa kwenye gunia na kupakwa grisi, na alikataza isitolewe. Mtoto wa kaka alikuwa ameshatumwa kwa mchomeleaji na uzi mweupe wenye mafundo matatu, kipimo cha kila mkunjo. Alirudi alasiri na chuma kipya, cheusi, kingali na joto. Mama akakipokea kwa kanga, akakipitisha mbele ya kisima bila kusimama, akaenda kupiga magoti mbele ya Pijo, akakiingiza kwenye tundu na kukizungusha taratibu mpaka pini iliposhika. Aliisikiliza kidogo. Ndipo akakichomoa, akakileta kisimani.