Asisugue Mtu Fedha ya Ayeeyo

Binamu yangu mdogo alikuwa na nia njema kabisa. Karo ya chuo ilikuwa imekaribia, mbuzi wamekonda kwa kiangazi, bei yao sokoni imeporomoka. Ndani ya sanduku la bati la Ayeeyo, bibi yetu, mlikuwa na vitu viwili vya fedha: sarafu ya reale iliyoning'inia kwenye mkufu wake wa harusi, na dola kuukuu ya Marekani aliyoletewa na Abti, mjomba wetu, kutoka Minneapolis. Vyote vilikuwa vimeingia weusi. Kijana akachukua ndimu, chumvi na waya wa kusugulia sufuria, akasugua mpaka vikang'aa kama bati jipya.

Ayeeyo alipomaliza kuswali alasiri, akaviona vimeanikwa juani. Jioni hiyo ua wetu wa Bulla Iftin, mjini Garissa, ukajaa jamaa, na sonara naye akaitwa kutoka Soko Mugdi.

Sonara alianza na sumaku. Haikushika, na fedha halisi haishikwi na sumaku. Akatoa mizani yake ndogo: dola ikasoma karibu gramu 26.7, reale 28.

Wazee wakaishangilia reale kwa kuwa imeandikwa 1780. "Huo ni mwaka aliofariki Malkia Maria Theresa wa Austria," sonara akasema. Tangu hapo Vienna imeendelea kuitoa kwa mwaka uleule, na katika karne ya 20 London, Roma na Bombay nako ilitengenezwa, kwa sababu wafanyabiashara wa pande zetu waliizoea sura ile na hawakutaka nyingine. Mwaka wake, basi, hauthibitishi umri. Tena yetu ilikwisha kutiwa kikuku cha mkufu, na mkusanyaji wa sarafu haitaki hivyo.

Tukageukia dola. Ilikuwa ya 1881. Sonara akaigeuza upande wa tai, akatuonyesha chini ya shada la majani herufi ndogo S, yaani San Francisco. Huko mwaka ule zilitolewa zaidi ya milioni 12. Zenye CC, za Carson City, hazikufika 300,000, na ndizo zinazotafutwa zaidi. Baada ya herufi, mnunuzi hutazama shavu la mwanamke aliyechorwa upande wa pili. Shavu la yetu lilikuwa na mistari ya waya tele.

"Weusi haukuwa na neno, Ayeeyo," akasema. "Mikwaruzo ndiyo haitoki."

Ikabaki bei ya uzito. Hapo dola ikaishinda reale ingawa ni nyepesi: asilimia 90 yake ni fedha tupu, kama gramu 24, na reale ina kama 23.4.

Habaryar, mama mdogo, akataka vyote viuzwe. Ayeeyo akakataa. Mapambo ya fedha yalikuwa akiba ya mwanamke, ya kumvusha mwaka wa njaa, akasema, na kuyauza kwa shida si aibu. Akatoa dola iuzwe, mkufu ukabaki. Ukoo ukachanga zilizopungua, karo ikalipwa.

Nyumba nyingi za Garissa, Wajir na Mandera zina masanduku kama lile. Mwenye nalo alifungue, asome mwaka na herufi, apime uzito, aulize kwa zaidi ya sonara mmoja. Waya na ndimu aviache jikoni.