Weka Jina Kwenye Geti

Nkt! Nani aliwaambia watu wa mtaa wetu wa Fedha, hapa Nairobi, kwamba wakitaka kuona sanaa lazima wavuke mji mzima mpaka Westlands? Simama kando ya Outering jioni, karibu na pale tunapoendelea kuita Taj ingawa jengo lenyewe lilibomolewa mwaka 2018, utazame matatu zinazorudi kutoka tao. Moja inapita na uso wa mwanamuziki ubavuni, umechorwa hadi mikunjo ya kope. Nyingine imepakwa zambarau inayogeuka buluu ikikata kona. Ndani kuna dari iliyoshonwa kwa ngozi na taa zilizopangwa na mtu aliyeifikiria kila moja. Unalipa nauli ya kawaida, unakalia kazi ya mikono ya watu kadhaa, unashuka steji ukiwa umeinamia simu, na hujui umepanda nini.

Na hii rangi iliwahi kunyamazishwa, jamani. Februari 2004 zilianza kanuni za waziri John Michuki: mikanda, vidhibiti mwendo, abiria 14 na si mmoja zaidi, mstari wa njano ubavuni. Mikanda ilikuwa haki yetu, watu walikuwa wanakufa barabarani. Lakini michoro nayo ilifagiliwa pamoja na uhuni, kana kwamba ni rangi iliyokuwa ikiendesha gari vibaya. Ilipita miaka kumi hivi kabla Rais Uhuru Kenyatta, mwaka 2014, kusema hadharani kwamba vijana waachwe wachore, hiyo ni ajira. Fundi wetu wa viatu huwa anasonya kila hadithi hii ikitajwa. "Miaka kumi, buda! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ameanza kujua dunia matatu zikiwa na mstari wa njano tu."

Sasa yaliyotuchemsha zaidi juzi ni ya kijana mmoja wa hapa mtaani, anasomea usanifu wa majengo. Mtoto mwenye adabu, akifika hapa base yetu, kwa mama wa chai, anasalimia mmoja mmoja. Alikaa nasi uso umemkunjamana. "Mzee, nimepewa kazi ya kubuni lango la jengo na kichwa kimekauka. Hapa kwetu hakuna kitu cha kumwamsha mtu." Kidole kikipandisha picha: roshani za Italia, ngazi za Japani.

Mama wa chai alivuta msonyo mrefu mpaka mteja wa mandazi akageuka. "Mtoto wangu, lango unalitafutia kwa simu? Si hilo hapo ng'ambo ya barabara."

Ng'ambo ya barabara ni kibanda cha fundi wa kuchomelea vyuma. Hebu niwaeleze kazi ya mtu huyu, maana tunapita pale kila siku tukilalamikia cheche. Mchoro wa karatasi hana. Geti analichora kwa chaki sakafuni, ukubwa wake kamili, halafu analaza vyuma juu ya ile chaki. Vyuma bapa anavipinda kwa mkono kwenye kifaa alichojitengenezea kutokana na vipande vya bomba, mpaka chuma kinakuwa jani, na majani yanashikana yanakuwa mti unaopanda kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu. Akishachomelea anasugua maungio kwa grainda mpaka mkono usihisi mshono. Kisha rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kisha nyeusi, kisha dhahabu kwenye ncha peke yake. "Ukizidisha dhahabu, geti linapiga kelele," anasema. Nimesikia watu waliosoma miaka sita wakishindwa kulisema jambo hilo kwa uwazi huo.

Zunguka Fedha ukiwa umeinua kichwa. Kuna geti lenye miale ya jua inayochomoza kutoka kwenye kitasa. Kuna lenye ndovu wawili wanaotazamana, na likifunguliwa kila ndovu anaenda upande wake. Kuna jingine la almasi tupu, almasi ndani ya almasi, lililonifanya nisimame nikiwa na mzigo wa unga begani. Na geti, tusisahau, lipo kwa sababu ya hofu. Tunaogopa wezi, ndiyo maana tukajifungia kwa chuma. Lakini mtu aliambiwa atengeneze kizuizi, naye akaamua kwamba atakayezuiwa mlangoni angalau aone jua. Hilo hunigusa kila mara.

Kijana alisikiliza, akasema kwa upole kwamba hayo ni mapambo, usanifu ni kitu kingine. Hapo ndipo mzee wetu mwashi, ambaye kwa kawaida huongea mara moja kwa wiki, aliweka kikombe chini.

"Kijana wangu, KICC unaijua?" Kijana akaitika. Nani asiyeijua? Ilifunguliwa mwaka 1973, mnara wa ghorofa 28 na ule ukumbi wenye paa la pia pembeni yake, kazi ya Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na David Mutiso, Mwafrika wa kwanza nchini kuwa msanifu majengo. "Basi kampuni ya huyo huyo Mutiso, Mutiso Menezes, ndiyo iliyochora Buruburu. Mkono uliokuwa KICC ulikuja Eastlands ukachora nyumba ya karani na ya mwalimu. Ulishawahi kwenda Buruburu ukaangalia?"

Hakuwahi. Amepita kwa matatu tu. Nkt!

Buruburu ilijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya sabini, kwa fedha zilizotoka pia katika shirika la Uingereza la maendeleo ya Jumuiya ya Madola. Nyumba ndogo, paa la vigae vyekundu, ukuta mweupe. Ujanja wake si nyumba, ni koti: nyumba zinageukiana kuzunguka uwanja mdogo, gari linaishia pembeni, na mama aliye jikoni anamwona mtoto wake na wa jirani. Wasanifu walichora urafiki kabla hawajachora choo. Baadaye wenye nyumba waliongeza vyumba, maduka, ghorofa juu ya ghorofa, na mzee mwashi anaumia akipita pale. Mimi siumii sana. Familia inakua na mshahara haukui, mtu afanyeje? Ninapoumia ni pale uwanja wa watoto unapomezwa na ukuta wa mtu mmoja.

Ni lazima vijana wajue huu upande wa mji ulianzaje, ndipo waone ukubwa wa kilichofanywa. Serikali ya kikoloni iliuweka Mwafrika huku mashariki kama mkono wa kazi: apate pa kulala, kesho arudi kiwandani au relini. Katika estate nyingi za mwanzo mtu hakupewa hata chumba, alipewa nafasi ya kitanda. Mke na watoto wabaki mashambani. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya arobaini, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kufikiriwa kama mahali pa familia, ikiwa na nyasi, miti na ukumbi katikati, na watu wakaugeuza ukumbi ule kuwa baraza la siasa za uhuru. Kila ua uliopandwa kwenye kopo la mafuta ya kupikia, kila mlango uliopakwa kijani kwa sababu mwenyewe alipenda kijani, uliongezwa na watu ambao mpango haukuwahesabu kuwa wangekaa.

Na bado hatujaacha kujenga vibaya, tusidanganyane. Tembea kidogo kutoka hapa mpaka Pipeline. Ghorofa saba, nane, zimebanana hata majirani wa majengo mawili wanaweza kupeana chumvi dirishani. Chumba cha chini kinawashwa taa saa sita mchana. Watu wanapanda ngazi na mitungi ya maji. Msomi Marie Huchzermeyer aliandika kitabu kizima mwaka 2011 akiyalinganisha majengo ya namna hii ya Nairobi na yale ya Berlin ya karne ya 19, kwa sababu njaa ya kodi ni ile ile. Hapa sitaki mtu aniambie habari za rangi nzuri za kuta. Landilodi aliyemnyima mtoto jua ameiba, hata kama ana risiti za kaunti. Furaha ya mji huanzia kwenye mwanga na hewa. Zile nguo zinazopepea kwenye roshani ni nzuri kweli, nyekundu na manjano na sare za shule, lakini zinapepea huko nje kwa sababu ndani haziwezi kukauka.

Kijana alikuwa ameweka simu mfukoni sasa. Akauliza: kwani kuna aliyetoka huku akafika mbali kwa vitu kama hivi?

Wee! Ng'ambo tu ya Outering, Lunga Lunga, Mukuru, kuna kundi la Wajukuu. Vijana waliokulia kwenye mabati, wakaanzisha mahali pa kuchora na kuwafundisha watoto wa majirani. Mwaka 2022 walialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye documenta, yale maonyesho makubwa yanayofanyika kila baada ya miaka mitano. Walibeba nini? Walibeba kwao. Mlango wa vioo wa ukumbi wa maonyesho waliufunika kwa mabati yenye kutu, wakatengeneza njia ya giza ambayo kila mgeni alilazimika kuipita kabla ya kuona chochote, mabati ya Mukuru yakikutana na umbo la manyatta. Ngugi Waweru aliunganisha visu vilivyoliwa kwa kunolewa, kazi akaipa jina la methali ya Kikuyu kuhusu kisu kikali kumkata mwenyewe. Mwaka huo huo Wajukuu walipewa Tuzo ya Arnold Bode. Mabati yale yale tunayoyasonya tukipita!

"Lango la mabati," kijana akasema polepole. "Njia ya giza kisha mwanga." Mama wa chai akamwongezea chai bila kuulizwa.

Lakini mimi nina langu, na nililisema mbele ya wote. Mchoraji wa matatu huweka jina lake, na namba ya simu juu. Wajukuu wana jina. Mutiso ana jina. Fundi wetu wa vyuma amejaza Fedha nzima kwa miti na jua na ndovu, na hakuna geti hata moja lenye jina lake. Mtu akihamia hapa atadhani yaliota. Kwa nini asichomelee herufi mbili pale chini karibu na bawaba?

Fundi alicheka, akasema wateja watakataa. "Geti ni la mwenye nyumba, mzee." Tukamjibu kwa pamoja, mpaka mtu wa boda boda aliyekuwa hata hafuatilii: nyumba ni yake, kazi ni yako. Mzee mwashi akaongeza kwamba ana mawe ya msingi katika majengo kumi na zaidi mjini na hakuna anayejua, na asingependa na huyu yampate hayo.

Wiki ijayo anaanza geti la ploti mpya karibu na kanisa. Kijana ameomba akae naye, achore kwa chaki pamoja naye sakafuni. Mwenye ploti ameshaambiwa kutakuwa na herufi mbili pembeni. Amenuna kidogo, lakini hajakataa.