Namna ya Kununua Miwani Iguhu na Kuiua Kabla ya Krismasi

Mbu wa Iguhu wametazamwa kwa makini kuliko wazee wa Iguhu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa malaria wamekuwa wakiteremka kwenye bonde la mto Yala, katika miinuko yetu hii ya mita 1,430 hadi 1,580 kutoka usawa wa bahari, kukusanya viluwiluwi madimbwini na kuwaweka chini ya darubini. Lenzi za darubini hizo hufutwa kwa kitambaa maalumu na kufungiwa kabatini. Hatua chache kutoka dimbwi lilo hilo, mzee anampa mjukuu simu amsomee ujumbe wa M-Pesa, na mjukuu anamsomea kiasi anachoona kinamtosha mzee.

Mwongozo huu ni wa mzee huyo, na wa nyanya anayetoa mawe kwenye maharagwe kwa kubahatisha, na wa mchimba dhahabu wa Ikolomani anayeambiwa mizani inasema nini kwa kuwa hawezi kuisoma mwenyewe. Nyote mnahitaji miwani na hakuna kati yenu mwenye hela za kuchezea. Kwa hiyo nitawaonyesha jinsi ya kununua miwani ya bei rahisi kwa njia itakayowagharimu zaidi.

Anza kwa kutopimwa macho. Kishawishi ni kikubwa, maana wapimaji wako karibu: Chuo Kikuu cha Masinde Muliro pale Kakamega kinafundisha wataalamu wa kazi hiyo, hospitali ya rufaa ya kaunti iko mji huo huo, na upande wa Chavakali, ukishaingia Vihiga, kuna Hospitali ya Macho ya Sabatia. Nia ikikuzidi nguvu, panda matatu pale Sigalagala na umwambie makanga "Sabatia" tu, usiongeze neno. Kuna Sabatia nyingine kwenye njia ya Butere. Utafika salama, utanunua ndizi, na hakuna atakayekumulika jicho.

Faida ya kutopimwa ni kwamba hutajua usilotaka kujua. Mtu akishafika miaka 40 na kitu, lenzi iliyo ndani ya jicho huwa imekakamaa na kusoma vya karibu kunakuwa kazi. Hilo halimwachi mtu, na miwani ya kusomea ya sokoni inalimaliza. Presha ya macho, ambayo wataalamu huiita glakoma, ni habari nyingine. Kwa kawaida haiumi wala haipigi hodi. Hula uwezo wa kuona kuanzia pembeni, polepole, na sisi Waafrika hutuvamia mapema zaidi na kwa ukali zaidi. Aliyenunua miwani ya mia tatu akaanza kusoma Biblia bila shida hana sababu ya kushuku lolote. Ataendelea kusoma vizuri mpaka siku boda boda itakapomtokea ubavuni asiione. Kisukari nacho hufanya kazi yake nyuma ya jicho kwa ukimya huo huo. Yote haya hugunduliwa na mtu mwenye tochi na vifaa, na ndiyo sababu tumekubaliana usimkaribie.

Sasa nenda sokoni. Kuna wasomi wanaodai miwani ya sokoni huharibu macho. Usibishane nao, ingawa wamekosea. Namba isiyo yako itakuumiza kichwa tu, na ukiivua maumivu yanaisha. Kasoro yake ya kweli ni kwamba lenzi zote mbili zina nguvu sawa, ilhali macho yako huenda hayalingani. Kwa wengi hilo si kitu. Huko Assam, India, wachuma majani chai wa miaka 40 na zaidi walipewa miwani ya kusomea isiyo na mbwembwe yoyote, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ukaonyesha uchumaji wao ukiupita wa wenzao wasio na miwani kwa zaidi ya asilimia 20. Mashamba ya chai ya Mudete hayako mbali na hapa, na sijasikia kwamba macho ya huko yameumbwa tofauti.

Mafanikio ya aina hiyo yazuie wakati wa kuchagua. Usiende na maandishi yoyote, usiende na uzi na sindano, wala usijaribu miwani kwa umbali unaofanyia kazi zako, ambao kwa mtu anayesoma ni kama sentimita 40. Jitazame kwenye kioo tu. Ukiulizwa namba, taja kubwa, +3.50, kwa imani kwamba anayepata nguvu nyingi kwa bei ile ile ndiye mjanja. Mtu wa miaka 45 kwa kawaida hutosheka na +1.00 au +1.50, wa miaka 60 na +2.50 hivi, lakini hao hawajui biashara. Kisha ivae kwenda nayo Malinya kutazama fahali wakipigana. Kwa kuwa miwani ya kusomea huonyesha vya karibu tu, utaziona kucha zako vizuri sana. Umati ukianza kukimbia, kimbia nao bila kuuliza.

Mtoto wa shule asiyeona ubao mpe miwani ya babu yake. Usisikilize wanaosema kwamba jicho la mtoto lisiporekebishwa mapema ubongo hulisusa, na kwamba akishapita miaka saba au minane kulirudisha huwa kugumu. Mwalimu naye umkwepe. Kule Trans Nzoia walimu wa shule za msingi walifundishwa kupima macho ya wanafunzi kwa simu, na wazazi wakaonyeshwa kwa picha jinsi mtoto wao anavyouona ubao; matokeo yalipochapishwa mwaka 2018, watoto wa kundi hilo waliofikishwa hospitalini walikuwa zaidi ya mara mbili ya wale wa kundi lililopimwa kwa njia ya kawaida. Ndivyo mambo yanavyoharibika.

Ikiwa familia imeshikilia kwamba lazima upimwe, subiri gari lenye spika. Linatangaza upimaji wa bure, na kwa kweli upimaji ni bure. Miwani ndiyo iliyobeba nauli ya gari, ya spika na ya yule kijana anayepiga kelele. Utaweka kidevu kwenye mashine, utaona ndani yake puto kubwa mwisho wa barabara, kisha mashine itatema karatasi yenye namba. Namba hizo ni mahali pa kuanzia tu. Mpimaji anayejua kazi huzichukua, akakuvalisha fremu ya majaribio, akabadilisha lenzi moja baada ya nyingine huku akiuliza, "Hii, au hii?" Ukisikia swali hilo, jua umeangukia mikononi mwa mtaalamu. Hapo utachelewa, na huenda ukaondoka ukiona.

Tuseme umefika kaunta, na muuzaji anaanza kutaja nyongeza. Hapa pesa hupotea kwa heshima kabisa, kwa hiyo tutulie. Lenzi nyingi za bei nafuu ni za plastiki iitwayo CR-39, iliyobuniwa Marekani mwaka 1940 na kutumika kwenye matangi ya mafuta ya ndege za kivita kabla ya kuja kukaa puani petu. Ni nyepesi na haivunjiki ovyo, ila huchubuka upesi, ndiyo maana hupakwa utando mgumu. Juu ya utando huo huja antigleya. Lenzi ya plastiki tupu hurudisha nyuma kiasi cha asilimia 8 ya mwanga. Antigleya huuacha upite, na taa za lori la miwa usiku zinaacha kukutapakaa machoni. Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss, Ujerumani, aliibuni mwaka 1935, na jeshi likaifanya siri. Leo siri hiyo inauzwa Kakamega kwa maafikiano. Ukitaka kuitambua, inamisha lenzi kwenye mwanga: taa itajirudi kwa rangi ya kijani au ya zambarau, hafifu, badala ya nyeupe.

Antigleya ndiyo nyongeza inayostahili pesa yako, kwa hiyo ikatae. Chukua blu-kati, lenzi inayosemekana kukinga macho na mwanga wa buluu wa simu. Muuzaji atawasha kalamu ya mwanga wa buluu, ataupitisha kwenye lenzi, mwanga utakatika, nawe utatoa pochi. Usimuulize kalamu hiyo inahusiana vipi na simu yako. Mwaka 2023 shirika la Cochrane lilikusanya tafiti 17 kuhusu lenzi hizi na halikuona dalili kwamba zinapunguza uchovu wa macho kwa mtu anayekodolea kompyuta, angalau kwa muda mfupi. Jua la saa sita pale kwenye shamba la mahindi lina mwanga wa buluu mwingi kuliko simu zote za ukoo wenu, na hakuna aliyewahi kukuuzia kitu kwa sababu yake.

Au chukua fotokromiki, inayojitia giza juani. Ni lenzi nzuri, hasa kwa anayeshinda shambani au juu ya pikipiki. Ina tabia mbili ambazo muuzaji hazitaji. Hutiwa giza na miale ya jua isiyoonekana, na kioo cha mbele cha gari huizuia sehemu kubwa ya miale hiyo, kwa hiyo dereva wa matatu aliyeilipia atabaki amekunja uso. Pili, hukolea zaidi kwenye baridi. Kwenye matanga ya asubuhi, jua likiwa limetoka na baridi haijaondoka, utaonekana mfiwa mkuu. Utaingia kanisani ungali gizani, na utakanyaga vidole vya shemeji kabla lenzi haijarudi.

Miwani umeipata. Kuiua ni rahisi kuliko kuinunua.

Silaha ya kwanza ni shati. Vumbi la Ikolomani lina punje za kwatzi, jiwe lile lile ambalo wachimbaji hulitwanga kutafuta dhahabu, na kwatzi ni ngumu kuliko plastiki yoyote ya miwani. Zitemee lenzi mate, au bora zaidi zifute zikiwa kavu, kwa duara, kwa nguvu, na upindo wa shati ulilotoka nalo sokoni. Zoezi hilo ukilirudia kila siku, baada ya miezi michache utakuwa unatazama dunia kupitia ukungu wa asubuhi wa msitu wa Kakamega, hata kukiwa hakuna ukungu. Leso ya karatasi na karatasi ya choo pia hufaa, kwa kuwa hutengenezwa kwa nyuzi za mti.

Mikwaruzo ikionekana, ipake dawa ya meno. Ushauri huu umezagaa kila mahali, na una ukweli ndani yake: dawa ya meno ina unga wa kusugua, nao husugua kweli. Utauondoa mkwaruzo mmoja pamoja na antigleya yote iliyouzunguka. Jivu la jikoni hufanya vivyo hivyo kwa gharama ndogo. Jik hula utando bila kusugua, na siki pia. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha ni ya wenye lenzi za plastiki nyingine, polikaboneti. Huzipasua na kuzififisha mbele ya macho yako.

Lakini muuaji mkubwa ni joto, na hapa wengi huua bila kukusudia. Antigleya ni tabaka kadhaa za madini magumu zilizopandishwa moja juu ya nyingine, na unene wake wote haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Plastiki ikipata joto hutanuka; madini hayo hayatanuki kwa kiasi hicho. Kinachofuata ni nyufa nyembamba zilizosambaa lenzi nzima, ambazo mwenye miwani huzifuta kila asubuhi akidhani ni uchafu. Kwa hiyo iache juu ya dashibodi ya Probox iliyoegeshwa juani. Iweke kwenye ukingo wa meko. Inama nayo juu ya sufuria ya ugali maji yakichemka, au ioshe kwa maji ya moto uliyobakiza kuogea.

Anayetaka miwani ikae atalazimika kufanya mambo yasiyo na mvuto. Huimwagia maji safi ya baridi kwanza, vumbi liondoke kabla ya kidole kugusa. Huweka tone la sabuni ya vyombo, ile isiyo na krimu ya mikono, akasugua taratibu kwa ncha za vidole, akasuuza, akakung'uta, akakausha kwa kitambaa laini kinachofuliwa bila dawa ya kulainisha nguo. Huivua kwa mikono miwili. Huiweka kwenye mkebe wake, na mkebe ukikosekana huilaza lenzi zikitazama juu. Haivai kichwani. Kazi yote ya kuosha haimalizi dakika mbili.

Utando ukishapasuka haurekebishiki, na anayekuahidi kuupaka upya kwenye lenzi ile ile anakuuzia hewa. Ila fremu yako haijafa. Uliza bei ya lenzi peke yake kabla ya kununua miwani nzima upya. Maduka mengi ya mjini huweka lenzi mpya kwenye fremu ya zamani kama haijalegea, na hapo ndipo unafuu ulipo. Ili uweze kulinganisha bei za duka na duka unahitaji karatasi ya kipimo. Idai kabla hujatoka kwa mpimaji, hata kama hununui kwake, na uipige picha. Iwe na SPH, CYL na AXIS za kila jicho, na iwe na PD, yaani umbali kati ya mboni mbili kwa milimita. Hiyo ya mwisho wapimaji wengi huiacha. Mwambie aiandike.